Ondoka Utaitwa

Siku Felisia alipoikuta fulana ile katika soko la Shahe, mjini Guangzhou, hamu ya chakula ilimkatika mpaka jioni.

Ilikuwa fulana ya kawaida tu, ya kijivu, pamba nyepesi ambayo ukiifua mara tatu inageuka tambara la kudekia. Ilitundikwa juu ya lundo la nyingine kama hiyo, katika banda la mama mmoja wa Kichina waliyezoeana. Lakini kifuani iliandikwa jina la chuo kikuu cha Marekani kwa herufi kubwa za njano, na chuo hicho ndicho alichokuwa akisoma Jemimah, binti wa Rozina, rafiki yake wa zamani. Alikuwa akisomeshwa bure kwa ajili ya mbio zake. Rozina alikuwa amelitangaza jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba hata mlinzi wa jengo la Tianxiu, ilipokuwa ofisi ya mumewe, asiyejua Kiswahili hata salamu, aliinamisha kichwa kwa heshima kila alipolisikia jina la Jemimah.

Felisia akatoa kipande cha karatasi mkobani. Alikuwa amenakili jina la chuo kingine, kile kilichomtaka binti yake Flavia. Akaigusa fulana, akaigusa karatasi, akamtazama muuzaji.

"Meiyou," alisema yule mama. Hakuna.

Akaenda banda la pili. Meiyou. La tatu, meiyou, na huyo aliigeuza karatasi juu chini kama anayetafuta mahali lilipoanzia lile jina. Shahe nzima, sokoni ambako unaweza kupata jezi ya timu ambayo bado haijaundwa, hapakuwa na hata soksi yenye jina la chuo cha Flavia. Mtu mwenye akili zake angesema fulana si kipimo cha elimu. Lakini wivu haukupita shule, na Felisia alirudi nyumbani mtaa wa Xiaobei na marobota yake akiwa amekwisha kutoa hukumu: chuo ambacho Wachina hawajaona faida ya kukighushi hakiwezi kuwa chuo cha maana.

Walikuwa wakiishi ghorofa ya tano, chumba na sebule, na nusu ya sebule ilikuwa ya marobota. Mumewe Thadeo alikuwa amekaa juu ya robota moja akimenya vitunguu. Flavia alikuwa mezani na karatasi ya faksi mkononi, ameisoma mpaka imeanza kukunjamana pembeni.

Binti huyo alikuwa amemaliza kidato cha sita Arusha, akaja kuwasaidia wazazi wake kwa miezi michache. Asubuhi alikimbia kuzunguka bustani ya Yuexiu kabla joto halijapanda, mchana alifunga mizigo. Mwalimu wake mmoja wa fizikia, Mmarekani ambaye zamani alikuwa mwanariadha wa chuo kile, ndiye aliyemwandikia kocha wa huko habari za msichana wa Babati anayekimbia kama anayefukuzwa na bado anaongoza darasa. Tangu hapo kocha alikuwa akituma faksi katika ofisi ya mizigo ya Kassian, mume wa Rozina, maana Felisia na Thadeo hawakuwa na simu ya kupiga nje ya nchi.

"Mama, safari hii anauliza swali moja tu," alisema Flavia. "Anauliza kama chuo chao ndicho ninachokitaka kuliko vyote. Nikisema ndiyo, naomba mapema kabla ya wengine, na yeye analipeleka jina langu kwa wale wanaochagua wanafunzi. Ana majina machache tu ya kupeleka kila mwaka. Ila nikichaguliwa, siendi kwingine. Ndiyo ni ndiyo."

"Na ada?"

"Wanaangalia uwezo wa wazazi. Mnaeleza mnachopata, kinachopungua wanakibeba wao. Matokeo yangu wameshayatazama, na ule mtihani niliofanyia Nairobi. Wanasema yanafaa."

"Sikuulizi mtihani. Nakuuliza mbio zako. Mbio wanalipa nini?"

Flavia akacheka kidogo. "Mbio hawalipi, mama. Vyuo vya namna hiyo havimlipi mtu kwa kukimbia. Kocha anakushika mkono mlangoni tu. Wanaoingia wanaingia kwa kichwa."

Felisia alikuwa ameshika mwiko, akauweka chini. "Kwa hiyo miguu ya Jemimah imenunuliwa, ya mwanangu inaombwa bure? Na juu yake nikajieleze kwa Wazungu kwamba mimi maskini?"

"Maskini si tusi kama ni kweli," alisema Thadeo, macho yakimchuruzika kwa vitunguu.

"Wewe menya vitunguu vyako!" Akamgeukia binti. "Sikiliza. Hiyo ni bei ya kwanza. Nimekufundisha nini Shahe? Bei ya kwanza anachukua nani?"

"Mjinga."

"Na mwerevu anafanya nini?"

"Anaondoka."

"Anaondoka! Taratibu, bila kugeuka. Hafiki banda la tatu, anaitwa."

"Mama, lakini huyu si laoban, si mwenye duka."

"Kila mwenye kitu unachokitaka ni laoban," alisema Felisia, akapakua ugali kwa hasira hadi mwiko ukagonga sahani.

*

Kesho yake alipanda Tianxiu kuulizia mzigo wake. Ofisi ya Kassian ilikuwa na kiyoyozi, na kochi la ngozi ambalo Felisia hakuwahi kukaribishwa kulikalia kwa nafasi. Sikuzote palikuwa na makatoni upande mmoja. Yeye na Rozina walikuja Guangzhou pamoja, wakalala kitanda kimoja, wakala tambi za kuchemsha kwenye birika moja. Sasa Rozina alikuwa na ofisi, na Felisia alikuwa na namba ya foleni. Alishauona utajiri wa mwenzake na akaumeza. Kilichomkaba ni mtoto. Pesa mtu anaweza kupata kesho, alijisemea mara nyingi, lakini mtoto wa mwenzio akitangulia, ametangulia.

Rozina alikuwa amevaa ile fulana. Ileile ya kijivu, herufi za njano zimemkaa vizuri kifuani.

"Karibu, mama Flavia. Unaiona? Jemimah kaniletea kwa posta. Nikamwambia mwanangu, usijisumbue, mimi mtu mzima na mafulana wapi! Hasikii." Wafanyabiashara wawili waliokuwa wakingoja risiti wakacheka. "Na Flavia naye? Bado anakimbiakimbia?"

"Kuna chuo kinamtaka."

"Nimeziona faksi zake. Chuo gani kile? Mbona sijawahi kukisikia?" Akawageukia wale wawili. "Nyie mmewahi kukisikia?"

Hawakuwahi. Felisia alicheka pamoja nao, maana ungefanya nini. Rozina alipoingia chumba cha ndani kumpigia simu Kassian aliyekuwa bandarini, Felisia akamsogelea Cyrus, karani wao Mkenya mwenye Kiingereza cha kunyooka.

"Cyrus mwanangu, niandikie faksi kwa yule kocha. Andika kwa jina la Flavia. Sema chuo kingine kikubwa kimemwita, kitamlipia kila kitu kwa mbio zake. Sema na wao wakilipa mbio, atafikiria."

Cyrus akaacha kuchapa. "Lakini mathe, ni ukweli? Flavia anajua hii story?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Sawa, mimi naandika tu. Lakini hawa wasee wa college si kama wale wa soko, mathe."

Aliandika. Karatasi ikapita kwenye mashine, ikatoka upande wa pili ikalala kwenye trei. Rozina alirudi wakati huohuo. Aliiokota, akaisoma yote, midomo ikichezacheza. Akairudisha mahali pake polepole.

"Kila la heri, mama Flavia," alisema, akatabasamu.

Jioni Felisia alimwambia binti yake, "Jibu lako limeshapelekwa." Flavia alikuwa anafunga robota, aliiachia kamba, akamrukia mama yake shingoni, akamkumbatia hadi kilemba kikavuka. Felisia akampigapiga mgongoni. Alijiambia kwamba hajasema uongo. Jibu kweli lilipelekwa.

*

Siku zikapita bila mtu kuita.

Felisia hakuogopa mwanzoni. Muuzaji mzuri hujifanya hana haja. Huinama akapanga bidhaa zake kama hakuoni, na mnunuzi hupunguza mwendo kidogo ampe nafasi ya kubadili mawazo. Basi naye akapunguza mwendo. Alianza kupita ukumbi wa ghorofa ya Kassian bila shida ya mzigo wowote, akichungulia mashine ya faksi kupitia kioo cha mlango. Kila alipochungulia alimwona Rozina, na kila alipomwona Rozina wivu ulimpa wazo jipya, mpaka siku moja ukampa lile alilolipenda: faksi imekuja, na Rozina ameificha.

Ulikuwa msimu wa maonyesho ya biashara ya Oktoba, jengo limefurika. Felisia alipita katikati ya watu na mikokoteni ya makatoni, akausukuma mlango.

"Mama Jemimah! Toa faksi ya mwanangu!"

Mwanamke mmoja wa Kikongo akasema, "Oh là là," akasogea kupata nafasi nzuri ya kutazama.

"Faksi gani?" aliuliza Rozina.

"Umeikalia! Mtoto wako amepata, wa mwenzio asipate? Tumelala kitanda kimoja, Rozina, leo unanizibia riziki! Roho gani hiyo?"

Cyrus alisimama. Kijana wa watu alionekana kama angetaka kuwa bandarini na Kassian. "Mathe, faksi ilikuja asubuhi. Flavia mwenyewe alipita akaichukua."

Felisia alibaki na mkono hewani. Watu wakaanza kutazama viatu vyao, isipokuwa yule Mkongo. Rozina akamshika mkono Felisia, si kwa upole, akamwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango.

"Nimeisoma ilipoingia," alisema. "Hawamchukui."

"Umefurahi?"

Rozina akakaa juu ya katoni. Alikuwa na ile fulana tena. "Mguu wa Jemimah ulivunjika mwezi wa pili. Mfupa wa unyayo. Ule ufadhili wao unatazamwa kila mwaka, mama Flavia. Mwaka ulipokwisha, hawakuuendeleza. Hawakumtukana, hawakumfukuza. Walimshukuru tu. Sasa anaosha vyombo kwenye mgahawa, analala kwa rafiki, anatafuta pa kumalizia shule, na sisi huku hatuna cha kumlipia. Hii ofisi unayoiona ni ya mkopo, hata hicho kiyoyozi."

Na hapo, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza Felisia alichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Ilimpanda tamu na ya moto kama chai ya asubuhi, na alikuwa ameifunga midomo ili isionekane.

"Na fulana?" aliuliza.

"Niliinunua Shahe."

Wakatazamana. Kama wangekuwa bado wanalala kitanda kimoja, wangecheka hadi jirani agonge ukuta.

"Ngoja nikumalizie," alisema Rozina, sauti imeshuka. "Chuo cha Flavia kingemsaidia kwa sababu hamna uwezo, si kwa sababu ana mbio. Hata angevunjika miguu yote miwili, angebaki darasani mpaka amalize. Nilipoelewa hivyo sikupata usingizi. Nikasema, kwa nini yeye? Kwa nini si wangu? Halafu nikaikuta karatasi yako kwenye trei. Jemimah alishanieleza hao makocha walivyo. Ukimwambia una kwingine, anakupa hongera, anampigia simu anayefuata. Nilijua. Ningeweza kumwambia Cyrus apige simu asubuhi ileile, aseme kumetokea makosa. Nikakutakia kila la heri."

Furaha ya Felisia ilikatika kama umeme. Alimtazama mwanamke huyu ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimwonea wivu, akakuta kwamba wakati wote huo walikuwa wakivuta kamba moja kila mtu upande wake, na aliyekuwa amefungwa katikati ni Flavia. Alitaka kumzaba kofi. Mkono ulinyanyuka, lakini alikumbuka nani aliyeamuru faksi ile iandikwe, na ukashuka wenyewe.

"Tumeua mtoto," alisema.

"Tumeua wawili, wako na wangu," alisema Rozina, akaanza kulia.

*

Nyumbani, Flavia alikuwa amekaa sakafuni kati ya marobota. Hakuwa analia. Thadeo alisimama dirishani, mgongo amewageuzia.

"Ananipongeza," alisema Flavia. "Kocha. Anasema amefurahi kwamba nimepata chuo kitakachonilipia. Anasema chuo chake hakijawahi kulipa mbio na hakitalipa, na hangependa kunizuia. Nafasi amempa msichana mwingine."

"Flavia mwanangu..."

"Uliniambia jibu limeshapelekwa."

"Lilipelekwa."

"Nilikukumbatia, mama."

Felisia akaketi juu ya robota, mbele yake.

"Ulitaka nini?" Flavia aliuliza. "Mimi nilikuwa nimeshapata. Ulitaka nini kingine?"

"Nilitaka..." Aibu ilimshika, lakini akalisema. "Nilitaka na mimi nimwambie Rozina kitu, na yeye akose usingizi."

Thadeo aligeuka. Mume huyu hakuwa mtu wa maneno mengi, na kwa kawaida mkewe hakumwachia nafasi ya hayo machache. "Maji yakimwagika hayazoleki, mama Flavia," alisema.

"Najua." Felisia akavua kilemba, akakifunga upya, akakikaza. "Lakini nitarudi. Sijaitwa, ila nitarudi. Inuka, Flavia, twende sote tukapige simu."

*

Guangzhou ilikuwa jioni, na huko Marekani asubuhi. Wateja walikuwa wameondoka ofisini kwa Kassian. Rozina mwenyewe ndiye aliyepiga namba, macho yamevimba, akavuta yale makatoni kutoka kwenye kochi ili wakae. Ilikuwa mara ya kwanza kochi lile kuwa tupu, na hakuna aliyelikalia. Cyrus alisimama karibu kutafsiri.

Felisia alimkatalia Cyrus. Alichukua simu akasema mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha sokoni, maneno aliyokuwa ameyapanga njiani: yeye mama, yeye kusema uongo, binti hakusema uongo, chuo kingine hakuna, binti kutaka chuo hiki, hiki tu. Kisha, kwa sauti ambayo Rozina na Cyrus na Thadeo na mwanawe wote waliisikia, akasema lile alilokataa kulisema tangu mwanzo: sisi maskini.

Ndipo kocha akaanza kuzungumza, taratibu, na Felisia akamkabidhi Cyrus simu kwa kuwa hakuelewa kitu.

"Anasema asante kwa kumwambia ukweli," alitafsiri Cyrus. "Anasema bado angempenda Flavia sana. Lakini jina lilikuwa moja tu limebaki, na ameshampatia yule msichana mwingine. Msichana ameshaambia wazazi. Anasema kama angemnyang'anya leo, basi wewe ungemwamini vipi kesho?" Akasikiliza tena. "Flavia anaweza kuomba kama watu wengine wote. Marks zake ni poa. Lakini hiyo line ni ndefu, na yeye hataweza kumshika mkono. Hataki kukudanganya, mathe."

Felisia aliitikia kwa kichwa. Bei ilikuwa ya haki, na yeye ndiye aliyeikimbia.

"Muulize," alisema, "huyo msichana mwingine ni wa wapi."

"Mama," alisema Flavia.

"Muulize tu. Mama yake anafanya kazi gani?"

Cyrus aliuliza. Akasikiliza. "Anasema hajui kazi yake. Anajua tu kwamba alipomwambia, huyo mama alipiga makelele hadi simu ikamwanguka."

Felisia alisikia wivu ukimwingia, ule wenyewe sasa, usio na fulana wala herufi za njano. Kwa miaka miwili alikuwa amejikondesha kwa ajili ya Rozina, aliyekuwa hana kitu. Leo amempata wa kumwonea wivu kwa haki, na hakujua hata jina lake.

Flavia alinyoosha mkono. "Nipe simu, Cyrus." Akamsalimu kocha, akamuuliza kwa Kiingereza safi ile fomu ya watu wengine wote inatumwaje, na siku ya mwisho ni lini. Rozina akatafuta kalamu mezani, akampa. Felisia akabaki amesimama kando ya kochi, mikono haina pa kushika, akimsikiliza mwanawe akikubali bei ileile waliyopewa, bila kupunguziwa hata kidogo.